Mikono Isiyokuwa Kwenye Orodha

Kafyu ya kwanza ya Korona ilianza Ijumaa, tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ilikuja na orodha iliyochapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali: orodha ya watu ambao wangeruhusiwa kuonekana barabarani giza likishaingia. Madaktari na wauguzi, bila shaka. Vikosi vya usalama. Watu wa Kenya Power. Waandishi wa habari. Wenye maduka ya dawa, supamaketi, wasambazaji wa chakula, watu wa petroli, benki, simu, zimamoto, kampuni za walinzi. Hiyo orodha nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichopewa chuoni, na hainichoshi, kwa sababu ni nadra sana serikali kuketi chini na kuandika, kwa ukurasa mmoja, kazi gani zikisimama nchi inasimama.

Mlinzi wa geti yumo. Mtu anayemgeuza mwenzake kitandani saa nane usiku ili asipate vidonda vya mgongo, hayumo. Anayemlisha mtu asiyeweza kushika kijiko, hayumo. Anayemwongoza kipofu, anayemtafsiria kiziwi akiugua usiku, wote hawamo. Sidhani kuna aliyekaa mezani akawakata kwa makusudi. Nadhani hawakumjia mtu yeyote akilini. Kwa maoni yangu hilo ni baya zaidi.

Niseme mapema kwamba mimi si mtazamaji tu hapa. Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo. Mwaka huo alikuwa na miaka 15 na alikuwa anasoma shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu, mbali na nyumbani. Jumapili tarehe 15 Machi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe: za kutwa kesho yake, za bweni kufikia Jumatano. Siku tatu. Mama alikuwa mama fua, anafulia watu kwenye fleti za mtaa wa pili. Ilibidi amlipe dereva wa probox pesa ya mwezi mzima amlete kijana na kiti chake cha magurudumu, kwa sababu matatu hazikutaka kubeba kiti hata kabla ya kuambiwa zibebe abiria nusu nusu.

Watu wakisema huduma kwa wenye ulemavu, picha inayowajia ni fimbo nyeupe na kiti cha magurudumu. Hapa Kenya, huduma kubwa kuliko zote, ingawa hakuna anayeiita hivyo, ni shule ya bweni. Thika School for the Blind ilianzishwa na Salvation Army mwaka 1946, na tangu hapo tumekuwa na mazoea ya kukusanya watoto wenye ulemavu mahali pamoja, mbali na makwao. Kuna mengi ya kulalamikia kuhusu mpango huo. Lakini pale bwenini ndipo kuna mtu wa kunyoosha viungo, ndipo kuna mama wa bweni anayejua kulisha mtoto bila kumpalia, ndipo mtoto kiziwi anakutana na watu wanaoongea lugha yake. Zikifungwa kwa siku tatu, huduma zote zimefungwa, na kazi yote inahamia kwa mtu mmoja, kwa kawaida mwanamke, kwenye chumba kimoja cha kukodi.

Masomo nayo yakahamia redio ya KBC na runinga ya Edu Channel. Hebu fikiria mtoto kiziwi amerudishwa kijijini ambako hakuna hata mtu mmoja anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya, halafu anaambiwa mwalimu yuko kwenye redio.

Kisha kulikuwa na ile sheria ya umbali. Mita moja na nusu. Osha mikono, vaa barakoa, usimguse mwenzako. Kwa wengi ilikuwa kero tu. Lakini kumtunza mtu ni kumgusa, kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kumnyanyua mdogo wangu unaweka mkono mmoja chini ya magoti, mwingine kwapani, kichwa chake kinakaa shingoni kwako, anakupumulia sikioni. Hakuna namna ya kufanya hivyo kutoka mita moja na nusu. Kipofu anatembea ameshika kiwiko cha mtu. Kiziwi anayesoma midomo aliamka siku moja akakuta midomo ya nchi nzima imefunikwa kitambaa. Maagizo yote yalimlenga mtu mmoja wa kufikirika, mwenye miguu miwili, macho, masikio, bomba la maji ndani ya nyumba, na asiyemhitaji mtu yeyote.

Wateja wa Mama walianza kumwambia asije. Kazi ilikwisha ndani ya wiki mbili. Akaanza kuuza sukuma na nyanya kando ya barabara, na kama umewahi kuuza mboga Nairobi unajua pesa iko jioni, watu wakishuka matatu. Kafyu ikala hiyo jioni. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, masomo yamehamia mtandaoni, bando lenyewe la kubahatisha. Hesabu ya nyumbani ilikuwa rahisi: mmoja alete pesa, mmoja anyanyue. Mimi ndiye nilikuwa na mgongo. Chuo kilipofunguliwa sikurudi.

Usiku mmoja nilitoka saa moja na nusu kutafuta pampers za watu wazima, kwa sababu zile za mwisho zilikuwa zimeisha na duka la karibu lilikuwa limefungwa. Afande akanisimamisha.

"Kijana, unatoka wapi saa hii?"

"Nyumbani, afande. Naenda kumnunulia ndugu yangu pampers."

"Mtoto?"

"Ana miaka 15."

Akacheka, akawageukia wenzake akawarudishia hiyo hadithi, nao wakacheka. Halafu akaniuliza kibali kiko wapi. Niliachiliwa, sikupigwa, na najua wengi mwaka huo hawakuwa na bahati hiyo. Lakini nilirudi mikono mitupu, tukatumia leso za Mama.

Usiku huo na nyingine nyingi, nikisubiri alale, nilikuwa nasoma kwa simu. Nilitaka kujua kitu kimoja: hii si mara ya kwanza dunia kupata janga la ugonjwa. Waliotangulia walifanya nini na watu wanaohitaji mikono ya wengine? Nikaangukia mji wa Copenhagen, Denmark, mwaka 1952.

Polio iliingia mji huo katikati ya mwaka. Hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa 2,722 kati ya Julai na Desemba, na 316 kati yao walikuwa wamepooza hadi hawawezi kupumua vizuri peke yao. Dawa ya siku hizo ilikuwa pafu la chuma, yaani tangi unalolazwa ndani kichwa kikibaki nje, nalo linakuvutia pumzi. Hospitali ilikuwa na moja tu, na vifaa sita vidogo vya kifuani. Wagonjwa 31 wa kwanza waliohitaji msaada wa kupumua, 27 walikufa. Wengi walikuwa watoto.

Mwishoni mwa Agosti, daktari wa nusu kaputi aitwaye Bjørn Ibsen alipewa nafasi ya kujaribu njia nyingine kwa binti wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho. Wakamtoboa tundu kwenye koo, wakapitisha mpira, na Ibsen akawa anabana mfuko wa hewa kwa mkono. Bana, achia. Bana, achia. Binti akanusurika kifo. Ila shida ilikuwa wazi: mfuko haujibani wenyewe, na wagonjwa walifika hadi 70 kwa wakati mmoja. Basi wakaitwa wanafunzi. Karibu 1,500, wengi wa udaktari, wakaja kwa zamu, mchana na usiku, kila mmoja ameketi kando ya kitanda akibana mfuko. Walitumikia saa zipatazo 165,000. Vifo vikashuka kutoka karibu tisa kwa kila kumi hadi chini ya nusu.

Vitabu vinasema hapo ndipo ICU ilipozaliwa, na ni kweli. Mimi kilichonikamata ni zile zamu. Mtu aliketi akaandika ratiba: wewe utabana kuanzia saa hii hadi saa hii, ukichoka kuna mwenzako. Walijua mkono wa binadamu unachoka. Mama hajawahi kuwa na zamu.

Kutoka hapo nikafuata polio hadi Marekani, na hapo hadithi inahusu pesa. Rais Franklin Roosevelt, aliyeugua polio mwenyewe mwaka 1921, alianzisha mwaka 1938 shirika lililokuja kujulikana kama March of Dimes. Mapema miaka ya 1950 shirika hilo lilikuwa linalipia wagonjwa wengi wa mapafu ya chuma, wakiwemo wale wa hospitali ya Rancho Los Amigos, kaunti ya Los Angeles. Gharama zilikuwa za kutisha. Watu wa hesabu wakagundua kwamba kumrudisha mgonjwa kwake, pamoja na mashine yake, na kumlipa mtu wa kumsaidia, ni nafuu kuliko kumweka wodini. Kwa hiyo wakaanza kulipa wasaidizi. Haikuwa huruma, ilikuwa bajeti, na mimi sina shida na hilo hata kidogo. Chanjo ya Salk ilipokuja mwaka 1955, pesa za shirika zikapungua, na jimbo la California likaendelea kulipa. Miaka ya 1970 mpango ukakua ukawa In-Home Supportive Services, ambapo msaidizi analipwa kwa saa, na msaidizi huyo anaweza kuwa mama yako au ndugu yako.

Mmoja wa waliofaidika na mwanzo huo ni Ed Roberts. Aliugua mwaka 1953 akiwa na miaka 14, miaka miwili kabla ya chanjo. Alipooza kuanzia shingoni kwenda chini, isipokuwa vidole vichache, na usiku alilala ndani ya pafu la chuma. Shule yake ya sekondari ilitaka kumnyima cheti kwa sababu hakuwa amefanya somo la mazoezi ya viungo wala la kuendesha gari. Ndiyo, la kuendesha gari. Mama yake, Zona, akapigana nao mpaka wakampa. Mwaka 1962 akaingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Bweni lisingebeba uzito wa pafu la chuma, basi akapewa chumba katika hospitali ya chuo, na wasaidizi wa kumnyanyua, kumvisha na kumsukuma. Ndugu yake Ron, naye mwanafunzi palepale, alikuwa mmoja wa wasaidizi hao.

Hapo niliweka simu chini kwa muda.

Idara ya jimbo ya kuwasaidia wenye ulemavu ilikuwa imemwambia Roberts kwamba ulemavu wake umezidi, hawezi kufanya kazi. Mwaka 1975 Gavana Jerry Brown alimteua kuwa mkurugenzi wa idara hiyo hiyo. Kati ya hapo, mwaka 1972, yeye na wenzake walifungua kituo cha Berkeley ambapo watu wenye ulemavu wenyewe ndio waliokuwa wanaajiri, kufundisha na kufukuza wasaidizi wao. Kila nikisimulia hadithi hii watu wanasema alikuwa shujaa. Sawa, alikuwa. Lakini shujaa huyo alihitaji mtu wa kumvisha suruali asubuhi, na mtu huyo alilipwa.

Sasa sisi. Polio ilipita hapa pia, na Shirika la Watu Wenye Ulemavu wa Viungo, APDK, lilianzishwa mwaka 1958 wakati koloni bado iko. Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali iliunda kamati ya kuangalia matunzo na urekebishaji wa wenye ulemavu, mwenyekiti akiwa Ngala Mwendwa, waziri wa leba. Kazi yake ikazaa Waraka wa Bunge nambari 5 wa mwaka 1968, na waraka ukazaa vituo vya ufundi: ushonaji, useremala, kazi za ngozi. Bombolulu kule Mombasa ilianza mwaka 1969, na vito na mikoba yake imekuwa ikinunuliwa na watalii miaka yote hii. Mwaka 1980 Rais Moi aliutangaza kuwa mwaka wa kitaifa wa wenye ulemavu, na hazina yao ikaundwa kwa harambee. Mwaka 2003 ikaja sheria, kisha Baraza la Kitaifa, kisha Katiba ya 2010 na kifungu chake cha 54, na mwaka 2025 sheria ya 2003 ikapisha mpya.

Ukisoma mfululizo huo utaona falsafa moja: jitegemee. Mfundishe mwenye ulemavu kushona ili asiombe. Ni falsafa ya heshima na imelisha familia nyingi. Lakini inamhusu mwenye mikono inayofanya kazi. Kwa yule ambaye mikono yake haitashona kamwe, jibu la taifa kwa miaka sitini limekuwa: ana familia. Sisi Waafrika tunatunzana, si ndio? Tunatunzana, nimeona. Ila hilo neno "sisi" ukilichunguza vizuri utakuta ndani yake kuna mama mmoja, au shangazi ambaye hakuolewa, au msichana aliyetolewa shule. Hata keateka wa ploti yetu analipwa kila mwezi, na anachotunza ni jengo.

Msaada upo, sikatai. Inua Jamii inatoa Ksh 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Kigezo cha kuingia ni kwamba mtu huyo anahitaji kutunzwa muda wote: kulishwa, kuoshwa, kulindwa. Yaani serikali yenyewe imekiri kwa maandishi kwamba katika nyumba hiyo kuna mtu anayefanya kazi mchana na usiku. Kisha ikaipa nyumba nzima shilingi 66 kwa siku. Amri ya mishahara ya Mei 2018, iliyokuwa inatumika Korona ilipofika, ilisema mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi asilipwe chini ya Ksh 13,572 kwa mwezi. Kwa hiyo Mama angeenda kumtunza mtoto wa mtu mwingine, sheria ingemjua. Akimtunza wake, sheria inamwita mpokeaji wa msaada.

Tarehe 25 Machi 2020 Rais alitangaza Ksh bilioni 10 za ziada kwa wazee, mayatima na wanyonge wengine kupitia mpango huo. Habari njema, kwa aliyekuwa tayari ndani. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu 900,000 wenye ulemavu nchini. Kaya zilizokuwa kwenye mpango wa ulemavu mkubwa hazikufika 50,000. Sisi hatukuwemo. Tuliambiwa nafasi za eneo letu zimejaa, na ukweli ni kwamba nafasi hufunguka mtu akifa.

Kilichotubeba ni kikundi cha WhatsApp cha kina mama waliojuana kwenye benchi la kliniki ya mazoezi ya viungo. Kliniki ilipopunguza siku, mmoja wao alirekodi video fupi za jinsi ya kunyoosha goti lililokaza, mwanawe akilalamika nyuma. Mwingine alikuwa ananunua pampers kwa jumla na kugawa. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kila usiku saa tatu aliuliza tu, "Wote mko salama?" na majibu yalikuja moja moja mpaka saa sita. Aliyekosa kujibu alipigiwa simu. Mara moja aliyekosa kujibu alikuwa amelazwa na Korona, na mwanawe alikuwa peke yake ndani tangu asubuhi. Jirani yake aliyemtafuta alivunja kafyu, akavunja na kufuli. Sijasoma popote kwamba kikundi kile kilikuwa huduma. Hakina jina wala cheti, na siku hizi kimejaa salamu za Jumapili na matangazo ya mazishi.

Shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021. Mdogo wangu alirudi akiwa amerefuka, na goti la kushoto limekaza kiasi kwamba kiti cha zamani hakikumtosha tena. Mwaka huo huo nilimpeleka Mama kwenye ofisi moja ya serikali kujaza tena fomu za msaada, nafasi zikipatikana. Karani alikuwa kijana wa rika langu, mpole, ana haraka. Akauliza jina, kitambulisho, idadi ya watu nyumbani. Akafika kwenye kazi ya mzazi.

"Namtunza huyu," Mama akasema, na kumwonyesha mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa amelala kifuani kwangu.

"Hiyo naelewa, mama. Nauliza kazi."

"Ndiyo hiyo."

Karani akaniangalia mimi, kana kwamba ningemsaidia kutafsiri. Halafu akainama, akaandika, akageuza fomu ili Mama atie sahihi. Pale kwenye kazi alikuwa ameandika: hana. Mama alisoma polepole, kama anavyosoma kila kitu. Akaichukua kalamu, akakata hilo neno kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake mlezi, kisha akatia sahihi.

"Sasa hii itakataliwa na kompyuta," karani akasema.

"Basi iandikie kompyuta barua," Mama akamwambia, na tukaanza kumrudisha kijana kwenye kiti.